Kafeteria Yetu ya Kibiti

Saada mwanangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa bado chini ya paa letu. Najua ni ajabu mtu kumwandikia barua mtoto ambaye bado hajaondoka, lakini saa hizi umekwenda Mtunda kumuaga shangazi yako, baba yako yuko uani anakaanga buni, na mimi nimemaliza masufuria ya mchana. Nimekaa kwenye benchi la nje na biki yako ya bluu niliyoikuta juu ya meza. Barua nitaiweka katikati ya khanga zako, uikute leo usiku ukizipanga sandukuni.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala namna ya kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako atakuwa ameshakueleza yote mpaka masikio yamechoka, na atayarudia kwenye simu. Mimi nataka kukujibu swali lako la juzi. Ulikuwa umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, ukasema, "Mama, chuo wanasema chakula tutakula kafeteria. Sasa hiyo kafeteria ni yao au ni yetu?" Mdogo wako akacheka. Nikasema nitakwambia, kisha wateja wakaingia na sikukwambia. Baadaye nikafikiri: mtoto huyu amekua chini ya neno hilo tangu hajajua kusoma, limeandikwa juu ya mlango wetu kwa rangi nyekundu, na hakuna aliyewahi kumweleza limefikaje pale.

Basi nianzie Ndundu. Unajua bibi yako, mama yangu, alikuwa anapika pale zamani, wakati magari yanavuka Rufiji kwa pantoni. Watu walikuwa wanasubiri kivuko mpaka wanasahau walikokuwa wanakwenda, na wakati huo wote wanakula kwa bibi yako. Pahala penyewe palikuwa makuti na magogo ya kukalia, hapana jina. Watu walisema tu "twende kwa Bi Chausiku." Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka sahani. Bibi alipakua yeye mwenyewe, na hakumwachia mtu upawa wake. Alinifundisha kwamba mwenye kupakua anaanza na mgeni, halafu mzee, halafu mtoto, na yeye mwenyewe anakula kilichobaki chini ya sufuria. Nilikua nikijua hivyo ndivyo chakula kinavyokwenda duniani kote.

Daraja lilipofunguliwa, magari yakawa yanapita bila kusimama. Bibi yako alisimama siku ya kwanza akiyatazama, mikono kiunoni, nami nikasubiri alalamike. Akasema, "Waache wapite. Mama mja mzito wa kule kusini hatalala tena ng'ambo akisubiri pantoni." Kisha tukafunga vyombo tukahamia Kibiti, na mjomba wangu akanitafutia nafasi ya kozi ya upishi kwenye chuo kimoja huko mjini. Bibi aliona kwamba kama watu hawasimami tena kwa sababu ya mto, itabidi wasimame kwa sababu ya chakula.

Sasa sikiliza kilichonipata chuoni.

Nilifika jioni, wenzangu walikuwa wameshatangulia. Chumbani nilipangiwa na msichana wa bara jina lake Anna, mpole, msemaji kidogo. Akaniambia, "Twende kafeteria." Mimi neno lile sikuwahi kulisikia. Nikaona aibu kumuuliza. Nikamwambia atangulie. Nikamfuata kwa mbali mpaka kwenye jengo kubwa lenye maandishi ukutani, nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa anapita, "Samahani kaka, kafeteria ni nini?" Akanijibu huku anatembea, "Ni mahali pa kahawa." Akaenda zake.

Nikageuka nikarudi chumbani. Kwetu wakati ule kahawa ilikuwa ya wanaume barazani, asubuhi na baada ya alasiri, na kashata zao na siasa zao. Msichana kuketi mbele za watu na kikombe cha kahawa ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nikajiambia, hawa wa mjini wanakunywa kahawa jioni yote hii, mimi siwezi. Nikala mikate ya kumimina niliyotoka nayo nyumbani.

Kesho yake vilevile. Anna akiniambia twende, namwambia nenda tu. Mchana nilinunua mihogo ya kukaanga getini, usiku nikamalizia mikate iliyoanza kuchacha. Siku iliyofuata Anna aliniamsha alfajiri, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mwanaidi, naona umefunga. Nimekuwekea maji ya daku." Yule binti Mkristo alikuwa ananiamshia daku, na mimi sikufunga chochote, nilikuwa na njaa ya ujinga wangu tu. Nikayanywa yale maji nikamshukuru. Nilishindwa kumwambia ukweli.

Aliyeniokoa alikuwa Bi Tausi, mmoja wa wapishi wa pale, mtu wa kisiwani Mafia, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alinikuta bombani mchana wakati wenzangu wako ndani wanakula.

"Wewe binti, mbona sikuoni kwenye foleni yangu?"

"Shikamoo. Mimi sinywi kahawa."

Akanitazama. "Marahaba. Nani kakuuliza habari za kahawa?"

"Pameandikwa kafeteria."

Alikaa chini, Saada. Alikaa palepale kwenye ukuta wa bomba, akafunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Aliponyanyua uso ndipo nikaona anacheka, lakini alinishika mkono wakati huohuo, na ule mkono ndio uliofanya nisikimbie. "Mwanangu," akasema, "mle ndani kuna wali, kuna maharage, kuna kabichi, leo kuna na samaki. Kahawa yenyewe hata hatuna."

Akaniingiza. Akanipa trei ya bati yenye visehemu visehemu, akanisimamisha mbele ya masufuria. Nikasubiri. Yeye naye akasubiri. Nikamwambia, "Nani anapakua?"

"Unajipakulia."

Hapo tena nikakwama. Mkono wangu haukujua kwenda kwenye upawa kwa ajili yangu mwenyewe mbele za watu. Nikachota wali wa kumtosha kuku, na kabichi kidogo pembeni. Bi Tausi akautazama ule wali, akasema taratibu, wengine wasisikie, "Nyumbani kwenu mgeni akija mnampakulia hivyo?"

"Hapana."

"Basi hapa wewe ndiye mgeni, na mwenye kupakua ni wewe. Jipakulie kama unavyompakulia mgeni."

Nikarudisha upawa ndani. Sikumbuki samaki mtamu kama yule.

Bi Tausi hakuweza kulificha jambo lile, lakini alilipeleka kwa mtu mmoja tu, mwalimu wetu wa upishi, Mwalimu Komba. Wiki iliyofuata mwalimu akaingia darasani, akaandika neno KAFETERIA ubaoni, akatuuliza lina maana gani. Nikajua leo naanikwa. Lakini hakunitaja, wala hakunitazama.

Alisema neno hili ni la Wahispania. Kwao kahawa ni "kafe," na pale inapouzwa ndipo "kafeteria," yaani nyumba ya kahawa, basi, hakuna zaidi. Hiyo "kafe" yao ilipitia kwa Waitaliano, nao waliitoa kwa Waturuki, na Waturuki waliichukua kwa Waarabu, ambao ndio waliosema "qahwa." Kisha Wamarekani wakalisikia neno hilo kwa majirani zao wanaosema Kihispania, wakalichukua. Likakaa kwao na kahawa yake, mpaka wakaanza kupaita kwa jina hilo kila pahala pa chakula ambapo mtu anashika trei, anapanga foleni, anajipakulia mwenyewe. Kahawa ikabaki nyuma. Kwa Kiingereza ndipo likatufikia sisi, vyuoni na hospitalini.

Halafu akasema, "Na sisi wa pwani je? Neno kahawa tumelipata kwa Waarabu haohao, sisi tulikuwa karibu, hatukuhitaji kuzungushwa. Tukasema kahawa, tukasema mkahawa, wengi sasa wanasema mgahawa. Kwa hiyo mgahawa na kafeteria ni mtu na binamu yake. Mmoja alivuka bahari hii ya kwetu tu, mwingine akazunguka dunia." Akafuta mikono chaki. "Mtu akikwambia kafeteria ni mahali pa kahawa, hajakosea. Amekwambia maana ya zamani. Wamarekani wenyewe ndio walioihama."

Sijui kama unaelewa yale maneno yalinifanya nini. Nilikuwa nimejihesabu mjinga wa kutoka Ndundu. Kumbe nilikuwa nimeshika ukweli, ila ukweli wenyewe ulikuwa wa kale, na kwa kutouliza mara ya pili nikalala njaa juu yake. Jioni ile nikamweleza Anna yote, pamoja na habari ya daku. Alicheka mpaka akaniomba maji yake arudishiwe.

Nilipomaliza kozi nikarudi Kibiti, na ndipo baba yako akatokea. Seif alikuwa mtu wa Salale, ukoo wa wakata mikoko, na mwenyewe alikata boriti tangu ujana wake mpaka mgongo ukamkatalia. Akaja Kibiti na mdila wa kahawa na vikombe kwenye ndoo, akawa anazunguka stendi. Tulipooana tukapata chumba hiki cha barabarani. Fundi wa mabango akaja akauliza aandike nini. Baba yako akasema aandike "Mgahawa." Mimi nikasema aandike "Kafeteria."

"Kafeteria ndiyo nini?" baba yako akauliza.

Nikamweleza kama Mwalimu Komba alivyoeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatafuna mdomo, akasema, "Kwa hiyo kahawa yangu na wali wako vimo humo mote kwa pamoja?"

"Vimo."

"Andika, fundi."

Lakini mimi sikutosheka na jina. Nilitaka na mambo yake yote, kama chuoni. Nikapanga masufuria kwenye meza ndefu, nikanunua trei, na Ijumaa ya kwanza wazee walipotoka msikitini nikasimama mlangoni na khanga mpya. Wakaingia wengi. Mbele yao Mzee Mkwinda, ambaye mji mzima ulikuwa unamsikiliza. Wakaketi. Nikawaambia, "Karibuni wazee wangu, trei zile pale, mjipakulie."

Hakuna aliyeinuka. Nikarudia, nikidhani hawakusikia. Mzee Mkwinda akaniita karibu, akasema kwa sauti ndogo, maana hakuwa mtu wa kugomba, "Mwanangu, mimi nina wake wawili, nina mabinti, nina wajukuu. Tangu nimezaliwa sijashika upawa. Nikaushike leo, mbele za watu, kwako?" Akasimama, akavaa viatu, akatoka. Wengine wakamfuata mmojammoja, wakiniaga vizuri kabisa. Adabu yao ndiyo iliyoniuma zaidi. Pilau lote likabaki, na mimi nikaenda uani nikalia.

Bibi yako alinifuata. Hakunisema. Akaanza kupakua sahani, akamkabidhi baba yako azipeleke barazani kwa wazee. Zilirudi tupu. Jioni baba yako akakaa nami akaniambia, "Mwanaidi, wewe uliniambia lile neno limehama kwa Waarabu, kwa Waturuki, kwa nani sijui, mpaka Marekani, na kila lilipofika lilibadilika kidogo. Sasa limefika Kibiti. Mbona hapa unalikataza kubadilika?"

Kesho yake nilipika huku nikiyafikiria maneno yale. Nilikuwa nimeleta kitu kutoka chuoni, nikataka watu wakivae jinsi kilivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba mkono wangu ulikataa upawa siku ya kwanza. Kwangu Bi Tausi alikuwapo. Kwa Mzee Mkwinda nilikuwapo mimi na khanga mpya. Basi tukapanga upya. Madereva na abiria wenye haraka wakawa wanajipakulia, maana wao walipenda, na wazee wakawa wanapelekewa. Watu wakarudi. Ila Mzee Mkwinda hakurudi ndani. Alikuwa anakunywa kahawa ya baba yako kwenye benchi hili nililokalia, ananiuliza habari za nyumbani, anakwenda zake.

Ikaja siku yako.

Ilikuwa mchana, basi la kwenda Lindi limepasuka tairi mbele yetu, abiria wote wameingia ndani. Nimeshika upawa, uchungu ukanikamata pale pale, siyo ule wa kujikaza. Bibi yako akanishika huku, baba yako akakimbia kutafuta gari, wakanipakia, na wote wawili wakaingia pamoja nami. Hakuna aliyekumbuka kwamba tumeacha masufuria motoni na watu mezani. Mimi nilikumbuka njiani. Nikasema, "Wali utaungua." Bibi yako akaniambia niache habari za wali.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wa lile basi, ambaye mpaka leo akipita anapiga honi. Abiria walikaa wakitazamana. Wengine wakaanza kutoka. Ndipo Mzee Mkwinda akainuka kwenye benchi, akaingia, akavua kofia akaiweka dirishani, akakunja mikono ya kanzu. Akawaambia, "Jamani, mwenye nyumba amepatwa na heri. Kaeni." Akashika upawa.

Alipakua vibaya. Dereva aliniapia. Waliotangulia walipata minofu mpaka inamwagika, waliofuata wakapata mchuzi, na mama mmoja aliwekewa wali juu ya wali akaomba asiongezewe. Lakini hakumwacha mtu. Alipoona foleni haiishi, akawaambia waliobaki, "Njooni mjipakulie, mkono umechoka." Baba yako aliporudi jioni kutuletea habari za wewe na kuchukua nguo, akakuta abiria wawili wanaosha sahani na mzee ameketi katikati ya chumba, kanzu ina mchuzi mpaka kifuani. Hakuuliza chakula wala vyombo. Aliuliza, "Mtoto gani?" Baba yako akamwambia ni wa kike, mzima, na mama yake mzima. Mzee akasema alhamdulilahi, akavaa kofia, akaenda nyumbani na kanzu yake ile ile barabara nzima ikimwona.

Nilipotoka arobaini nikarudi kazini nimekubeba. Mchana Mzee Mkwinda akaingia. Nikataka kumwandalia, akanizuia kwa mkono. Akachukua sahani, akaenda mwenyewe kwenye meza, akapakua. Wazee wote waliokuwepo walikuwa wanatazama sahani zao. Akaketi, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani kushika upawa kunamshusha mtu. Siku ile nimewapakulia watu nisiowajua, na kila mmoja ameniambia ahsante baba. Kwangu mimi napelekewa chakula kila siku, hakuna aliyewahi kuniambia ahsante, kwa sababu sijawahi kumpa mtu chakula." Kisha akala.

Yeye ndiye aliyemwita fundi wa mabango arudi aongeze chini ya lile neno: ya Mama Saada. Hakutuuliza. Tulikuta limeshaandikwa. Wewe unamkumbuka kama babu wa kashata, aliyekuwa anakuwekea kipande mfukoni. Ulikuwa bado mdogo alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na matangani wanawe wa kiume ndio waliopakulia watu.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako. Kafeteria ni yao, ni yetu, na ni ya Wahispania pia.

Nikikuangalia unavyopanga nguo zako nakuona una wasiwasi unaouficha kwa kucheka. Mimi sina wa kuficha. Nina raha, mwanangu, raha ya mtu aliyeona jambo likiiva polepole. Utakutana na maneno usiyoyajua na watu wa namna nyingine, na utabadilika. Ukirudi likizo utaongea tofauti kidogo, utaona chumvi yangu imezidi, na baba yako atasema binti amekuwa mtu wa mjini. Mwache aseme. Mimi sitakupima kwa ulivyoondoka. Ila jambo usilolijua uliulize, na ukijibiwa na mtu anayetembea, tafuta mwingine aliyesimama. Na ukija kulijua, mfikirie anayelikuta leo.

Kesho baba yako ndiye atakayekupeleka stendi. Mimi sitakuja. Usinifikirie vibaya, asubuhi ndiyo saa ya watu wa supu na siwezi kuwaacha, na kusema kweli stendi nitalia na wewe hupendi. Lakini basi la Dar lazima lipite hapa mbele. Nimeshamwambia dereva apunguze mwendo. Kaa dirisha la upande wetu. Nitatoka mpaka ukingo wa lami na aproni yangu, nitakupungia mkono, na nitakutazama mpaka kona ya msikiti. Kisha nitarudi ndani, maana kutakuwa na watu wananisubiri.

Ni mimi mama yako,
Mwanaidi